Mwenye Jina Kwenye Stakabadhi Ndiye Mwenye Mzigo

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu njia halali ya kusafirisha vinyonga, kobe, nyoka na wanyama wengine watambaao



Kila jioni kwenye steji za mabasi za Malindi, Kilifi mjini na Mtwapa, vifurushi hupangwa vikisubiri safari ya Nairobi. Kuna maembe, kuna simu iliyotoka kwa fundi, kuna sare za shule. Karani huuliza maswali mawili: ndani mna nini, na mtumaji ni nani? Mteja hujibu, hulipa, hupewa stakabadhi na kwenda zake.

Chukua mfano kwamba ndani ya katoni moja mna vinyonga sita. Kijana aliyeileta alipigiwa simu na mtu waliyejuana mtandaoni. Aliambiwa awakusanye shambani, awafunge kwenye katoni, aandike kwamba ni viatu, kisha atatumiwa pesa kwa simu. Yule aliyepiga simu hayumo popote kwenye stakabadhi. Aliyemo ni kijana, kwa jina lake na nambari yake ya simu. Katoni ikifunguliwa njiani, atakayetafutwa ni yeye.

Vijana wengi huingia kwenye mambo haya bila nia mbaya. Huona kinyonga amejaa tele shambani, na hawaoni kosa liko wapi. Basi ni vyema kila mkazi ajue mambo matatu: kibali, sanduku na msafirishaji. Moja likikosekana, safari haifai kuanza.

La kwanza ni kibali. Kinyonga aliyetua kwenye mwarobaini wa mtu hawi bidhaa ya mwenye mwarobaini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inahitaji leseni kwa anayefuga wanyamapori kwa biashara, na kibali kwa anayewahamisha au kuwauza nje ya nchi. Leseni na vibali hivyo hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Serikali ya kaunti haivitoi, wala chifu, wala mwenye kampuni ya mabasi. Anayedai kuuza kibali mkononi ni tapeli.

Wapo wanaofikiri sheria hii ni ya ndovu na vifaru pekee. Mwezi Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, wawili kati yao wakiwa vijana wa miaka 19 kutoka Ubelgiji, kwa kosa lililohusu chungu. Maelfu ya chungu hao walikuwa wametiwa kwenye mirija midogo ili wapelekwe ng'ambo. Kila mshtakiwa alitozwa faini ya Sh1 milioni au kifungo cha miezi 12 gerezani. Ikiwa chungu wanaweza kumfikisha mtu hapo, kobe na kinyonga hawawezi kuitwa jambo dogo.

Kwa wanaosafirishwa nje ya nchi kuna pia mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1978. Mkataba huo huwagawa wanyama katika orodha. Vinyonga, kobe wa nchi kavu, chatu na kenge wengi wanaopatikana Kenya wamo katika Orodha ya Pili: biashara yao inawezekana, lakini kwa kibali cha CITES cha kuwatoa nchini. Kasa wote wa baharini wamo katika Orodha ya Kwanza, ambako biashara ya wanyama waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kobe bapa wa kwenye miamba, anayepatikana maeneo kame kama Kitui, aliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2019. Jike wake kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati, kwa hivyo wakichukuliwa wachache, mwamba mzima unaweza kubaki mtupu.

Kibali cha CITES hutaja aina ya mnyama, idadi, anakotoka na anakokwenda. Hutaja pia kama alizaliwa kwa mfugaji au alitolewa porini. Kibali kikisema kumi na ndani ya sanduku mkapatikana kumi na wawili, hao wawili hawana kibali. Muda wa kibali cha kutoa mnyama nchini hauzidi miezi sita, na nakala halisi husafiri pamoja na mzigo. Mtumaji huhitaji pia cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na ahakikishe kuwa nchi inayompokea mnyama inamruhusu kuingia. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai kibali chao cha kuingiza hata kwa wanyama wa Orodha ya Pili.

La pili ni sanduku. Mnyama atambaaye hana joto lake mwenyewe kama mbuzi au paka. Hutegemea joto la mahali alipo. Katoni iliyoachwa juani kwenye buti ya gari humuua kwa joto, na usiku wa baridi humlegeza hadi ashindwe kupumua vyema. Kwa sababu hiyo mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA kuhusu wanyama hai, ambazo hutolewa upya kila mwaka.

Sanduku linalofaa ni gumu, lina matundu ya hewa, na halina upenyo wa kutorokea. Nyoka hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, kisha mfuko huwekwa ndani ya sanduku. Kinyonga hukaa peke yake, kwa maana wakiwekwa pamoja hupigana na kudhoofika. Kobe hawapangwi mmoja juu ya mwingine. Juu ya sanduku huandikwa kwamba ndani mna wanyama hai, na huchorwa mishale ya kuonyesha upande wa juu. Kama ni nyoka mwenye sumu, hilo huandikwa waziwazi, maana mpakuzi wa mizigo naye ana watoto wanaomsubiri nyumbani.

La tatu ni msafirishaji. Posta ya kimataifa haipokei wanyama watambaao. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani huruhusu viumbe hai wachache tu, kama nyuki, ruba na nondo wa hariri. Kampuni nyingi za vifurushi nazo hukataa wanyama hai katika huduma ya kawaida. Njia inayotumika zaidi ni kitengo cha mizigo cha shirika la ndege, na nafasi hukatwa mapema.

Mnunuzi wa ng'ambo anaweza kusema kwamba kwao mijusi hutumwa kwa posta. Pengine anasema kweli. Posta ya Marekani hupokea baadhi ya wanyama wadogo watambaao wasio na madhara, ingawa hukataa nyoka na kobe. Lakini hiyo ni ruhusa ya ndani ya Marekani, haivuki bahari. Isitoshe, huko kuna sheria iitwayo Lacey Act, yenye asili ya mwaka 1900, inayofanya kuwa kosa kuingiza mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi alikotoka. Mnunuzi mwaminifu ataomba karatasi kabla ya kutuma pesa. Asiyeziomba amekwisha kujitambulisha.

Je, haya yote yana maana kwamba mkazi wa Kilifi hawezi kupata riziki kwa viumbe hai? La. Pale Gede, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi hadi wajifunge kwenye magamba, kisha huuzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mzigo huo ni hai, ni mwepesi kuharibika, na husafiri kwa ndege ukiwa na karatasi zake. Umewapa watu ada za shule, na msitu ukapata majirani wanaoulinda.

Mwenye nia ya kufuga wanyama watambaao aanzie kwenye ofisi ya KWS, Malindi au Gede, kabla hajamgusa mnyama hata mmoja. Mwenye kampuni ya vifurushi amfundishe karani wake kukataa katoni inayochakura ndani. Na mzazi atakayesikia kijana wake ameombwa "kutuma tu kifurushi", amuulize swali moja: jina la nani litaandikwa kwenye stakabadhi?