Chema Chajiuza, Lakini Kionekane: Mazungumzo na Wakaazi wa Kangari Kuhusu Mandazi na Mikate Yetu

Nimekuja kutoka afisi ya mawasiliano ya kaunti, na safari hii sikuja kusoma orodha ya miradi. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya mandazi.

Najua wengine wenu mmecheka. Lakini katika barua mnazotuandikia kwa ajili ya jarida hili, kuna swali ambalo limerudi mara kadhaa: kwa nini msituandikie vibanda bora vya mandazi na maduka bora ya mikate hapa Kangari, ili mgeni ajue pa kula na mwenyeji ajue anapokosea? Ni swali zuri, nami nitalijibu kadiri niwezavyo.

Kwanza niseme nisichoweza kufanya. Siwezi kusimama hapa nikataja kibanda cha fulani kuwa namba 1 na cha fulani namba 2. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya serikali za kaunti. Refa hafungi bao. Tukianza kumpigia debe muuzaji mmoja, wa pili atakuwa na haki ya kuuliza tumelipwa ngapi. Ninachoweza kufanya ni kuwaambia kilicho bora kinapatikana wapi na saa ngapi, na mtakitambuaje. Majina mnayo ninyi wenyewe.

Tuanze na alfajiri. Kangari iko juu, karibu na msitu wa Aberdare, na baridi yetu mnaijua. Saa kumi na moja na nusu, matatu za kwanza zikipakia abiria, karai za mandazi huwa tayari ziko motoni pale steji. Mandazi ya saa hiyo ndiyo kiamsha kinywa cha dereva, cha makanga, cha mwanafunzi na cha mchuma majani chai anayekwenda shambani kabla ya umande kukauka. Mandazi nzuri ya steji huijua kwa kuipasua. Ndani iwe na nafasi za hewa, isiwe imeshikana kama ugali wa jana. Ukiifinya kwa karatasi, isiache dimbwi la mafuta. Na iwe na harufu yake yenyewe, iwe ni iliki au ganda la limau, si harufu ya samaki waliokaangwa jana katika mafuta yayo hayo.

Kuna siri moja ambayo wapishi wa hapa wanaijua kuliko wapishi wa nchi ya joto. Unga uliotiwa hamira huumuka upesi penye joto na polepole penye baridi. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukitanda, unga ambao Mombasa ungeumuka kwa saa moja, hapa unaweza kuhitaji saa mbili au zaidi. Mpishi mzuri wa Kangari haukimbizi. Huukanda usiku, akaufunika vizuri, akauweka mbali na mlango wenye upepo, na mara nyingi karibu na jiko lililobaki na joto. Asiye na subira huongeza hamira nyingi, nanyi mnaijua mandazi hiyo: kubwa kwa macho, chachu mdomoni, na kufika saa nne imekauka.

Saa nne ndiyo saa ya ngumu na hafkeki. Hizi hazina haja ya hamira, huinuliwa na beking pauda, kwa hiyo baridi haizisumbui sana. Hafkeki nzuri hukaangwa kwa moto mdogo ili ipasuke juu na kuiva hadi katikati. Moto ukiwa mkali, nje huwa kahawia na ndani hubaki unga mbichi. Ngumu nayo, kama jina lake, ilitengenezwa kudumu: inaweza kukaa mfukoni mwa koti hadi mchana, ikachovywa katika kikombe cha chai ya thermos pale shambani. Kwa watu wanaoshinda milimani wakichuma majani au kuchimba viazi, chakula kinachovumilia safari kina thamani kuliko keki yenye mapambo.

Alasiri ndiyo zamu ya wenye tanuri. Mkate wa gramu 400 uliofungwa huletwa na magari ya viwanda vikubwa. Lakini skonsi na keki ndogo zilizookwa hapa hapa zina faida moja: unaweza kuzinunua zikiwa bado moto. Mwoka mikate mzuri hamfichi mteja tanuri yake. Ukiuliza skonsi zimetoka saa ngapi, anakujibu bila kufikiri.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nakubali, ila naongeza: chema hujiuza pale mnunuzi anapokiona. Mandazi mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kwa bei ya shilingi kumi, moja ikawa imetoka kwa mikono safi na mafuta safi, nyingine ikawa si hivyo. Mnunuzi asipojua aangalie nini, mpishi mwaminifu huumia pamoja na mzembe, kwa sababu amegharamika zaidi na bei ni ile ile.

Angalieni mambo manne.

La kwanza ni mafuta. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi na mazito, hutoa povu na moshi kabla hata mandazi haijaingia, na huacha uchungu kooni. Kuyaongezea mafuta mapya juu hakuyasafishi, huyaharibu tu yale mapya. Mpishi mzuri huyachuja kila siku yakipoa, huondoa chembe zilizoungua, na yakifika mwisho wake huyatoa. Na tafadhali, yasimwagwe kwenye mtaro wa soko. Huganda kwa baridi yetu hii, mtaro ukaziba, mvua ikinyesha maji yakaingia vibandani.

La pili ni mikono na pesa. Mkono unaopokea noti usiwe ndio unaoshika mandazi. Koleo au uma havigharimu pesa nyingi. Ndoo yenye mfereji, maji na sabuni pia si anasa.

La tatu ni karatasi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wengi wenu mlihamia mifuko ya karatasi. Hongera. Lakini bado kuna wanaofungia mandazi moto katika gazeti kuukuu. Wino huo husuguliwa na mafuta ukaingia katika chakula. Mimi naishi kwa kuandika, na bado nawaambia: jarida hili lisomwe, lipewe jirani alisome, lisifungie mandazi.

La nne ni uzito. Tufanye hesabu pamoja. Chukua unga kilo 2, maziwa au maji lita moja, sukari na siagi vikifika gramu 300. Utapata takriban kilo 3 na gramu 300 za unga uliokandwa. Ukikata vipande vya gramu 60, unapata mandazi 55. Ukikata vya gramu 50, unapata 66. Tofauti ni mandazi 11, shilingi 110 kwa pakiti moja. Kwa hiyo anayekata kwa kukisia anaweza kumpunja mteja leo na kujipunja mwenyewe kesho, bila kujua. Mizani ndogo ya jikoni humwonyesha faida yake ilipokwendea.

Mtaniambia, mbona mandazi zimekuwa ndogo? Ni kweli, na si ujanja wa muuzaji peke yake. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya hutoka nje ya nchi. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, bei ya ngano duniani ilipanda, na mshtuko huo ulifika hadi kwenye karai ya mama wa steji. Mteja hakutaka bei ipande, kwa hiyo mandazi ikapungua.

Lakini Kangari tuna kitu ambacho hakitoki nje ya nchi. Tuna viazi. Kiazi kilichochemshwa na kupondwa laini kinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya unga wa ngano, na mandazi ikawa laini hata siku ya pili. Wenzetu wa Homa Bay walishatengeneza uji mzito wa viazi vitamu vya rangi ya machungwa ambao waokaji huuchanganya katika mikate. Sisi tujaribu na vya kwetu. Anzeni kidogo: katika kila kilo moja, punguzeni unga gramu 250 na mweke kiazi kilichopondwa kwa kiasi hicho hicho. Punguzeni maji pia, kwa maana kiazi chenyewe karibu asilimia 80 ni maji. Viazi vidogo ambavyo mnunuzi wa jumla huvikataa vinaweza kupata kazi.

Sasa niseme na wauzaji, na niseme bila kuzunguka. Nimeona mara nyingi, koti la afisa likitokea kwenye kona, sufuria hufunikwa na mwenye kibanda huondoka kama amekwenda kutafuta chenji. Hofu hiyo ina miaka mingi. Inaeleweka, lakini inawagharimu. Anayejificha kwa afisa wa afya hujificha pia kwa mteja mkubwa. Shule haiwezi kumpa oda ya mandazi 200 mtu asiye na karatasi. Hata kamati ya harusi siku hizi huuliza.

Karatasi zenyewe si nyingi. Kuna leseni ya biashara ya kaunti, ambayo ni ya kila mwaka. Kuna cheti cha afya cha kila mtu anayeshika chakula, ambacho hurudiwa kila baada ya miezi 6. Msaidizi wako naye anahitaji chake, hata kama ni mwanao. Sababu ya kupimwa si kuwasumbua. Mtu anaweza kubeba viini vya homa ya matumbo akiwa mzima kabisa, hana homa wala maumivu, na akaviacha katika kila chakula anachoshika. Hapo si mandazi moja inayoharibika, ni steji nzima. Na kwa wale wanaofunga mikate na kuipeleka madukani, mnahitaji pia alama ya ubora ya KEBS, pamoja na uzito, tarehe na jina la mtengenezaji kwenye karatasi.

Ada za kaunti zimeandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Mnayo haki ya kuonyeshwa kiwango kabla ya kulipa. Lipeni kwa njia rasmi na mdai risiti. Yeyote anayetaka pesa mkononi bila risiti, awe amevaa koti la rangi gani, hajawatoza ada. Amewaomba hongo. Njooni mseme.

Nanyi wanunuzi, msituachie kazi yote. Uliza cheti kwa heshima. Usiulize kama askari, uliza kama mteja anayetaka kurudi: "Mama, cheti chako kiko wapi nikione?" Mwenye nacho atafurahi kukuonyesha, kwa maana amekilipia na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wauzaji, kitundikeni mbele, kando ya kabati la kioo, mahali ambapo moshi haukifikii. Hiyo ndiyo orodha ya walio bora mliyoniomba niiandike. Haitachapishwa jaridani. Itatundikwa na wenyewe, kibanda kwa kibanda, na kila mmoja wenu ataisoma akipita kwenda kazini.

Nimalizie hapa, maana nasikia harufu kutoka upande ule na sitaki kuwa mtu wa kuchelewesha chai. Mama anayeamka saa tisa usiku kukanda unga kwenye baridi hii anasomesha watoto kwa karai moja. Mtoto anayekula mandazi hiyo akienda shuleni ni wetu sote. Tukiwalinda hao wawili kwa pamoja, Kangari haitahitaji mtu kutoka afisi ya kaunti kuja kuisifia mandazi yake.

Sasa twendeni tukanywe chai.