Kompyuta Iliyoundwa na Fundi Inapokataa Kuwaka: Mada kwa Mafundi na Walimu wa Maabara, Busia na Tororo



Barua ya mwaliko ilinitaka nianze na ufafanuzi. Nitaupitia mbio kwa kuwa hakuna aliye humu asiyeujua. Kompyuta iliyoundwa na fundi ni ile ambayo kesi, saplai, madabodi, prosesa, ramu na diski vilinunuliwa kimoja kimoja, kisha vikaunganishwa mezani kwetu. Ikikataa kuwaka, ama iko kimya kabisa, ama feni zinazunguka na kioo kinabaki cheusi, ama inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Mashine inayowaka ikashindwa kuona diski ni habari nyingine, nayo haimo katika mada hii.

Ukaguzi wa kawaida pia mnaujua. Plagi kubwa ya pini 24 iingie mpaka ibane. Plagi ya prosesa, ya pini 4 au 8, isisahauliwe. Husahauliwa hata na wazoefu. Angalia kama kuna skrubu iliyodondoka nyuma ya madabodi ikagusanisha njia zake. Toa ramu zote, rudisha moja. Ondoa betri ya CR2032 kwa dakika chache. Madabodi nyingi za miaka hii zina vitaa vinavyoonyesha mashine imekwama kwenye prosesa, ramu, kadi ya picha au diski. Visomeni kabla ya kushika bisibisi. Na prosesa mpya juu ya madabodi ya zamani inaweza kuhitaji programu ya madabodi isasishwe kwanza.

Muda uliobaki naomba niutumie kwenye stima, na hasa waya wa athi, ule wa kijani na manjano.

Mashine inayowaka vizuri mezani kwa fundi ikafika shuleni ikakataa haijalogwa, wala fundi hakubadilisha kipuri njiani. Kilichobadilika ni soketi. Wengine husingizia mpaka: ati stima ya Uganda ni kali, ya Kenya ni laini. Kenya na Uganda zote zinatumia volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ileile ya pini tatu za mraba. Tena tangu miaka ya 1950 stima ya Jinja imekuwa ikivuka kuja Kenya kupitia Tororo hii hii. Tuuache mpaka, tuitazame nyumba.

Ndani ya saplai, pale stima inapoingia, kuna vikapasita viwili vidogo vinavyochuja makelele: kimoja kinaunga laini na bati la kesi, kingine kinaunga nyutro na bati hilo hilo. Kukiwa na athi, uvujaji wao unateremka ardhini bila mtu kujua. Athi isipokuwepo, bati la kesi linaelea karibu na nusu ya volti za ukutani, yaani kama 120. Ndiyo sababu mwanafunzi anasema kompyuta "inamuuma". Mkondo wake ni mdogo, lakini siku unapochomeka kioo au printa ambayo athi yake iko upande mwingine, mkondo huo hupitia kwenye waya wa data. Milango ya madabodi hufa hivyo, kisha lawama inapelekwa kwa aliyeunda mashine.

Kuna pia radi. Kati ya 1967 na 1976, Tororo ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Sisi tunaishi chini ya anga hiyo, halafu tunanunua kizuia radi cha kuchomeka ukutani na kukipachika kwenye soketi isiyo na athi. Sehemu kubwa ya kazi ya kifaa hicho ni kuumwaga mshtuko ardhini. Bila athi, kitaumwaga wapi?

Sasa saplai yenyewe. Mashine haianzi mpaka saplai itume ishara kwamba volti zake zimetulia. Kawaida ishara hiyo huja kati ya milisekunde 100 na 500. Isipokuja, madabodi inabaki imeshikiliwa, na hapo ndipo mnaona feni zinazunguka kioo kikiwa cheusi. Feni inayozunguka haithibitishi kwamba saplai ni nzima. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi ya pini 24 nako kunaonyesha tu kwamba inawaka pasipo mzigo. Pimeni ikiwa imebeba mashine: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa zambarau uwe na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Zile saplai nyepesi zenye karatasi ya "wati 500" nimezifungua nyingi: mahali pa koili ya kuchuja pamepitishwa kipande cha waya mtupu. Sitaji mwagizaji wala duka. Kurudisha saplai mbovu Nairobi au Kampala kwa kuvuka mpaka nako ni balaa, maana kipuri kilichotengenezwa China hakistahili cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo fundi wa mpakani anaona heri apate hasara.

Natambua kwamba kukagua nyaya za jengo si mamlaka yetu. Nchini Kenya leseni za mafundi stima hutolewa na mamlaka ya nishati, EPRA, na nchini Uganda vibali hutolewa na mamlaka ya umeme, ERA, nami sitaki mtu atoke hapa akafungue ukuta wa shule. Lakini kupima soketi si kuifungua. Na nikiri kuchoshwa na wakuu wanaotia sahihi malipo ya kompyuta ishirini, kisha wanasema bajeti ya fimbo ya athi itatazamwa mwaka ujao. Wengine waliwahi kuifukia, ikang'olewa usiku kwa ajili ya shaba. Hata Januari 2022 Kenya ililazimika kusimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya hujuma kama hizo dhidi ya miundombinu ya stima.

Mapendekezo. Soketi ipimwe kabla mashine haijapokewa: laini na nyutro, laini na athi, nyutro na athi, na vipimo viandikwe katika hati ya makabidhiano. Shule iweke athi kabla ya kununua kompyuta. Anayesimamia maabara afundishwe kuchomoa plagi, na waya wa mtandao pia, mawingu yanapokusanyika. Fundi asitoe dhamana kwa mashine inayopelekwa kwenye soketi isiyopimwa. Saplai inunuliwe kwa kufunguliwa na kupimwa, isinunuliwe kwa karatasi. Vyuo vya ufundi vya pande zote mbili viingize somo la athi katika mafunzo ya kompyuta, lisibaki kwa wanafunzi wa stima peke yao. Fimbo ifukiwe kina na kifuniko chake kijengewe zege. Fundi stima mwenye kibali aitwe kila mwaka wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo ukikauka athi hudhoofika. Na narudia, soketi ipimwe kwanza.

Mwenyekiti, naomba pendekezo la hati ya vipimo lipigiwe kura leo kabla ya chakula, liingie kwenye kumbukumbu, na nakala ipelekwe kwa wakuu wa shule wa pande zote mbili za mpaka.