Moshi Utoke, Masikio Yapumzike

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao na wakazi wa Matondoni)

 

 Leo nimekuja na jambo ambalo ni nadra kuzungumzwa barazani: moshi wa jikoni, na namna ya kuutoa bila kelele.

Nianze na la nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita, mimi na ndugu zangu tulimnunulia mama kofia ya moshi, ile inayofungwa juu ya jiko la gesi ikiwa na feni ndani yake. Mama alikuwa akikohoa kila akikaanga. Tuliichagua kwa picha na kwa bei. Ikaletwa kwa mashua, ikapandishwa punda, fundi akaifunga. Wiki mbili baadaye nilimkuta jikoni anakaanga samaki, moshi umetanda na feni imezimwa. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Mwanangu, hii ikiwaka siisikii adhana, siisikii hodi, simsikii mtoto akilia. Bora moshi."

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja: feni iliyozimwa haitoi moshi, hata iwe ya bei gani. Utulivu wa feni si anasa. Ndio utakaoamua kama itatumika au itabaki pambo.

Wala moshi wenyewe si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa ya kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wanaokaa karibu zaidi na jiko tunawajua: ni mama zetu, na watoto waliobebwa mgongoni.

Wazee wetu walilielewa hili. Katika nyumba za mawe za mji wa Lamu, jiko liliwekwa ghorofa ya juu kabisa, kwenye kidari cha meko, moshi ukatoka bila kupita vyumbani. Siku hizi wengi tunajenga jiko chini, katikati ya vyumba, lenye dirisha moja dogo. Njia ya moshi tumeiziba wenyewe, basi yatupasa kuifungua.

Kwanza, ujue moto wako

Anayepikia kuni, vifuu au makaa asifunge kofia ya feni ya umeme juu ya moto huo. Kofia hizo zimetengenezwa kwa jiko la gesi au la umeme. Cheche na joto la kuni vinaweza kuwasha mafuta yaliyoganda kwenye kichujio, na mote mwetu tunajua moto ukishika makuti huwa hausubiri ndoo ya maji.

Kwa jiko la kuni, kinachofaa ni kofia ya bati yenye dohani inayopandisha moshi nje. Hewa ya moto hupanda yenyewe, kwa hiyo hakuna feni, hakuna umeme, hakuna kelele. Kofia za namna hii zimewahi kujaribiwa Kajiado na magharibi mwa Kenya, kwa kuwashirikisha akina mama wenyewe kuzibuni, na moshi ndani ya nyumba ulipungua sana. Ila dohani isipenye kwenye makuti. Ipitishe ukutani, kisha ipande nje mbali na paa, au jiko lijengewe banda lake la mabati.

Na wapikao kwa makaa wasidanganyike kwa kuwa moshi hauonekani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usiyawashe chumbani kulikofungwa.

Pili, kuchagua kwa wenye gesi au umeme

Pima jiko lako: urefu, upana na kimo. Jiko la mita 3 kwa 3, lenye kimo cha mita 2.7, lina mita za ujazo 24 na kitu. Zidisha mara 10 hadi 12, upate kati ya 240 na 290. Hicho ndicho kiasi cha hewa, kwa mita za ujazo kwa saa, ambacho feni inapaswa kuondoa.

Sasa hapa ndipo tulipokosea sisi. Tulinunua feni iliyofikia kiasi hicho kwa kasi ya mwisho, na kasi ya mwisho ndiyo yenye ngurumo. Nunua inayokifikia kwa kasi ya chini au ya kati. Feni kubwa inayozunguka polepole ni tulivu kuliko ndogo inayokimbia.

Soma karatasi ya maelezo, utafute desibeli za kila kasi. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kila zikiongezeka 10, sikio husikia kelele kama imezidi maradufu. Kwa hiyo 50 na 60 si jirani. Na ukiwa dukani, mwambie muuzaji aiwashe kasi zote huku mnazungumza. Mkipaza sauti, iache hapo hapo. Kurudisha mzigo Mombasa kutoka Matondoni ni nauli nyingine.

Upana wa kofia usipungue upana wa jiko. Chagua chuma kisichoshika kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Na chagua inayotoa hewa nje. Zipo zinazoichuja na kuirudisha jikoni. Hizo hupunguza mafuta na harufu, lakini joto na mvuke hubaki, na kaboni monoksaidi haichujiki.

Tatu, kufunga

Kofia nzuri ikifungwa vibaya hupiga kelele kama mbovu. Kelele nyingi hutoka kwenye bomba. Kama mdomo wa kofia ni milimita 150, bomba liwe 150 mpaka nje. Fundi akikuletea la 100 kwa kuwa ndilo alilonalo, mkatalie: nafasi yake haifiki nusu ya lile la 150, na hewa itapita kwa mluzi. Bomba liwe laini ndani, fupi, lenye kona chache. Viungo vizibwe kwa tepu ya alumini. Nyinyi mnaokalafati majahazi hamhitaji kufundishwa kwamba upenyo mdogo huharibu kazi kubwa.

Kimo hutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa humomonyoka, kwa hiyo tumia skrubu ndefu zinazoshika jiwe lenyewe, si plasta. Weka vipande vya mpira kati ya kofia na ukuta ili mtetemo usienee nyumba nzima.

Mdomo wa nje usielekee upepo. Kaskazi na Kusi vyote vitausukuma moshi urudi ndani. Kwa nyumba nyingi ukuta wa magharibi ndio wenye kinga, lakini simama nje ya nyumba yako uhakikishe, na usiuelekeze kwenye dirisha la jirani. Weka kifuniko kinachojifunga chenyewe feni ikizimwa. Unapopika, acha dirisha au mlango wazi kidogo, kwani hewa haitoki kama nyingine haiingii.

Nyaya zifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mwombe akuonyeshe.

Mwisho, kuitunza

Kila mwezi toa kichujio cha chuma, ukioshe kwa maji moto na sabuni. Kikiziba, kelele huongezeka, moshi hubaki, na mafuta yake huweza kushika moto.

Kwa asiye na uwezo wa kofia leo, apanue dirisha, aweke tundu la juu ukutani, akaushe kuni vizuri, na asimkalishe mtoto karibu na meko. Kikohozi kisichoisha kisingojewe. Mwone mhamasishaji wa afya ya jamii au nenda zahanati mapema.

Mama yangu sasa ana feni nyingine. Anaiwasha mwenyewe, hata daku, na mtoto hashtuki. Nilipomuuliza inaendeleaje, aliniambia amesahau kama ipo. Nami nawatakia nyote jiko la namna hiyo.