Ujumbe wa Tawi: Taka Zetu, Swali Letu

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza. Tumetenganisha! Kisha lori linakuja, linazichanganya tena, na safari inaishia Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001.

Kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti ya Nairobi, tusiombe malori zaidi. Tuulize: kituo cha kuchambua taka, ambacho sheria hiyo hiyo inaitaka kaunti ikiweke, kitajengwa wapi na kwa pesa gani?

Lakini mabango yetu ya kampeni yangali kwenye nguzo. Tuyaondoe kwanza. Jumamosi, saa mbili asubuhi, ofisi ya tawi. Njooni na glavu.