KITALU NYUMBA KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wajumbe wa kamati za mikopo



Katika miaka ya karibuni kitalu nyumba kimekuwa gumzo katika vijiji vya miinuko, toka Lushoto hata Njombe, na katika vihamba vya Kilimanjaro na Meru. Mwanachama aliyezoea kuotesha mboga kandoni mwa migomba huiona kwa jirani nyumba ya nailoni, husikia kuwa nyanya hustawi ndani yake masika na kiangazi, naye hufika ofisini kwa katibu kuomba mkopo. Katibu hana budi kumjibu. Akimkataza bila hoja, humfungia mwenzake mlango wa riziki. Akimpitishia bila uchunguzi, huwatia hatarini mwombaji pamoja na wadhamini wake, maana deni la kitalu kilichoanguka hulipwa na wale waliotia sahihi. Makusudio ya maelezo haya ni kuonyesha mambo yanayopasa kupimwa kabla ya fedha kutoka, na mambo yanayopasa kufuatwa baada ya fedha kutoka.

ASILI YAKE NA KAZI YAKE

Nailoni ya aina hii, yaani polithini, iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933. Mwaka 1948, huko Marekani, Profesa Emery Myers Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky alijenga kitalu cha mbao na kukifunika kwa karatasi nyembamba ipitishayo mwanga badala ya vioo, kwa sababu vioo vilikuwa ghali. Tangu hapo kitalu kilitoka katika mikono ya matajiri kikawafikia wakulima wa kawaida. Leo katika mkoa wa Almería, kusini mwa Hispania, vitalu vya nailoni vimefunika zaidi ya hekta 30,000.

Katika nchi za baridi kazi kubwa ya kitalu ni kuhifadhi joto. Katika miinuko ya Tanzania kazi yake kubwa ni nyingine: ni mwavuli. Adui wa nyanya wakati wa masika ni bakajani chelewa, ugonjwa unaohitaji jani lililolowa ili uenee. Mvua ikizuiwa isilowanishe majani, mkulima hupunguza dawa na huvuna wakati mashamba ya wazi yamekwisha kuteketea. Hii ndiyo faida ya kweli, nayo ndiyo inayopasa kuwekwa mbele katika kila hesabu.

Kwa hiyo kitalu cha nailoni hakifai kila mahali. Katika nyanda za chini na pwani, hewa ya ndani huchemka. Joto likizidi nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, chavua ya nyanya hupoteza nguvu, maua hupukutika, na mkulima hubaki na majani mazuri yasiyo na tunda. Mwanachama wa sehemu hizo ashauriwe kujenga banda la wavu wa kivuli, wala asikopeshwe fedha ya nailoni kwa kuwa tu jirani wa mlimani amefanikiwa.

KUCHAGUA MAHALI

Jambo la kwanza la kuchunguza ni udongo. Mnyauko bakteria hukaa ardhini miaka mingi, na hakuna dawa ya kumwagia inayouondoa. Kabla ya kujenga, yaulizwe mazao yaliyopandwa mahali hapo. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ukoo mmoja na hushirikiana maradhi. Ikiwa kati ya mimea hiyo ulipatikana iliyonyauka ghafla ingali kijani, shina lake likatwe karibu na ardhi na kipande kining'inizwe katika bilauri ya maji safi. Utomvu mweupe kama uzi wa maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hapo pasijengwe. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho chaweza kuokoa fedha ya mkopo mzima.

Jambo la pili ni jua. Kihamba chema kina migomba, kahawa na mikabela, na kila mti una kazi yake. Kitalu kikiwekwa chini ya miti hukosa mwanga, na tawi moja likianguka hupasua nailoni. Lakini haifai kung'oa kahawa inayozaa ili kupisha kitalu. Ikiwa hakuna mahali peupe, hiyo yenyewe ni sababu ya kutosha ya kuahirisha.

Jambo la tatu ni upepo. Penye upepo mkali, ncha ya kitalu ielekee unakotoka upepo, ili usiupige ubavu wote. Penye upepo wa taratibu, ubavu ndio uuelekee, ili hewa ipite ndani. Mtaro uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie, kwani maji hayo huleta maradhi ya shamba la jirani.

UJENZI

Kwa bustani ya nyumbani yatosha kitalu chenye upana wa mita 3.8 na urefu wa mita 12. Vipimo hivi vina sababu. Bomba gumu la plastiki huuzwa kwa urefu wa mita 6, nalo likipindwa kuwa nusu duara huacha upana wa mita 3.8 na kimo cha mita 1.9. Matao yakipangwa kila baada ya mita moja na nusu, yatakuwa 9, na nguzo 18.

Tao lisichomekwe ardhini, maana kitalu kitakuwa kifupi na chenye joto kali. Nguzo za mti ziwe na urefu wa mita 1.6, sentimita 60 zizame ardhini na mita moja ibaki juu. Sehemu inayozama ipakwe dawa ya mchwa. Bomba lifungwe juu ya nguzo. Hivyo kimo cha katikati hufikia karibu mita 2.9, na hewa moto hupata mahali pa kupanda. Fito ndefu ifungwe juu, mgongoni mwa matao yote, na nguzo za pembeni zitiwe mihimili ya mshazari.

Kuta za pembeni, zile za mita moja, ziwe za wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Kwa miezi ya baridi, Juni na Julai, pazia la nailoni liweze kuteremshwa usiku na kukunjwa asubuhi. Sehemu za juu za ncha zote mbili nazo ziwe za wavu, ili joto litoke. Mlango uwe wa vyumba viwili, wa nje ufungwe kabla wa ndani haujafunguliwa.

Karatasi ya kufunikia iwe ya kilimo, iliyotiwa kinga dhidi ya mionzi ya jua, yenye unene wa maikroni 200. Hiyo hudumu miaka 3 hadi 5 ikitunzwa. Nailoni ya ujenzi, ijapokuwa ni rahisi, hukauka na kupasuka kabla mkulima hajarudisha fedha yake. Karatasi ya upana wa mita 7 hufunika tao na kubakiza nusu mita kila upande. Ivutwe siku ya jua isiyo na upepo, kwa sababu nailoni hulegea kwa joto na hukaza jioni ikipoa. Ibanwe kwa fito zilizopigiliwa juu ya vipande vya mpira wa tairi kuukuu, ili msumari usiichane. Mabomba ya plastiki gumu huila nailoni inapoyagusa, kwa hiyo migongo yake izungushiwe kitambaa cheupe. Kadhalika dawa zenye salfa hufupisha maisha ya karatasi.

MAJI

Ndani ya kitalu haingii mvua. Mkulima aliyeondoa mvua amejitwika kazi ya mvua. Matuta mawili ya mita moja kwa mita 11, yenye mistari miwili kila moja, huchukua miche 88 kwa nafasi ya nusu mita. Mche uliokomaa hutaka lita moja hadi mbili kwa siku, yaani lita 88 hadi 176 kwa kitalu, kila siku bila kukosa. Umwagiliaji wa kusuasua huifanya nyanya ipasuke au ioze kitako.

Paa lenyewe laweza kusaidia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kitalu hiki kina mita za mraba 45, hivyo mvua ya milimita 20 huleta lita zipatazo 900 ikiwekewa mifereji na tangi. Anayetegemea mfongo wa ukoo na ahakikishe zamu yake wakati wa kiangazi kabla ya kukopa. Zamu ya mara moja kwa juma haitoshi bila bwawa au tangi la kuhifadhia.

UTUNZAJI

Kitalu hakiondoi wadudu. Huwazuia kuingia, na wakishaingia huwatunza. Kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeonekana Tanzania mwaka 2014, aweza kuumaliza mmea wote. Tundu la wavu lizibwe siku ile ile linapoonekana. Mtego wa harufu ya jike uwekwe mapema. Majani yaliyotobolewa yatiwe ndani ya mfuko uliofungwa na kuachwa juani, wala yasitupwe mlangoni.

Kwa kuwa upepo ni hafifu ndani, maua ya nyanya yasaidiwe. Kila asubuhi umande ukishakauka, kamba zinazoshikilia miche zitikiswe ili chavua imwagike. Matawi ya pembeni na majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe. Kipima joto kining'inizwe kivulini, kwa kimo cha mimea, nacho kisomwe saa nane mchana.

Nyanya zisipandwe mfululizo. Baada ya nyanya yafuate matango, spinachi au maharage machanga. Asiyebadili mazao huyafuga maradhi ya nyanya kwa gharama yake mwenyewe.

HESABU

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yafuatayo ni mfano wa kujifunzia tu; bei za vifaa na mazao hutofautiana.

Kitalu chenye matangi na mabomba kikigharimu shilingi 1,800,000 na kudumu miaka mitatu kwa misimu miwili kila mwaka, kila msimu hubeba shilingi 300,000. Mbegu, mbolea, dawa na maji zikiwa shilingi 200,000, gharama ya msimu ni shilingi 500,000, riba ikiwa bado kuhesabiwa. Miche 88, kila mmoja ukizaa kilo 4, hutoa kilo 352. Ukiondoa sehemu ya kumi iliyoharibika hubaki kilo 317. Kila kilo, basi, imegharimu kiasi cha shilingi 1,580. Ikiwa soko hutoa shilingi 800, mkulima atafanya kazi usiku na mchana na kuishia kudaiwa.

Sasa nguzo na fito zikitoka katika mikabela ya kihamba, na kazi ya kujenga ikifanywa na nyumba yenyewe, gharama yaweza kushuka hadi shilingi 900,000. Msimu utabeba shilingi 150,000 badala ya 300,000, na kilo moja itagharimu kiasi cha shilingi 1,100. Tofauti hiyo haikuletwa na mbegu wala na mbolea. Imeletwa na shoka la mwenye kihamba. Aidha mavuno yapangwe yaangukie masika, wakati nyanya za wazi zimeadimika, wala si kiangazi, wakati kila mwenye bonde ana nyanya sokoni.

WAJIBU WA CHAMA

Kamati ya mikopo itimize mambo matano. Kwanza, katibu au mjumbe afike shambani na kuona udongo, jua na maji kwa macho yake. Pili, hesabu ifanywe kwa bei ya chini kabisa iliyoandikwa katika daftari za mauzo, si kwa bei ya juu ambayo mwombaji anaikumbuka. Tatu, marejesho ya kwanza yasidaiwe kabla ya miezi minne tangu kitalu kimalizike, kwa sababu miche hukaa kitaluni kiasi cha wiki nne na tunda la kwanza huvunwa miezi miwili na nusu baada ya kuhamishwa. Nne, fedha ya karatasi mpya iwekwe akiba kila msimu, ili mwaka wa nne usilete mkopo mwingine. Tano, wadhamini wasomewe hesabu yote mbele ya mwombaji kabla ya kutia sahihi.

Liko pia suala la nailoni kuukuu. Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea, si karatasi za kilimo. Lakini hiyo si ruhusa ya kuzichoma au kuzifukia kihambani. Vyama vizikusanye mahali pamoja na kuwatafutia wanaozinunua kwa ajili ya viwanda.

Yafaa, mwisho, kila chama kianze na kitalu kimoja katika shamba la mwanachama aliye tayari kufungua daftari lake kwa wote. Litre za maji, kilo za mavuno, bei ya kila siku ya soko na hasara ya kila ugonjwa viandikwe kwa misimu miwili. Baada ya hapo katibu hatakuwa na haja ya kubahatisha. Mwombaji atakapofika ofisini atafunguliwa daftari, ataisoma habari ya udongo wa kijiji chake na soko la kijiji chake, naye ataamua pamoja na wadhamini wake huku kila mmoja akijua anachokitilia sahihi.