Nanga ya Muda katika Mfupa wa Taya



Ukisimama kwenye dau ukalivuta kwa kamba dau la mwenzako, yote mawili husogea na kukutana katikati. Ukitaka lako libaki pale pale, tia nanga. Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687, nasi wapanga meno tunaishi nayo kila siku. Tunang'oa jino zima ili meno ya mbele yaliyochomoza yapate pa kurudi, tunayafunga kwa waya kwenye magego, kisha magego yenyewe yanajongea mbele na kuila nafasi ile ile.

Dawa ya zamani ilikuwa hatamu ya kuvaa kichwani, na mtoto alitakiwa kuivaa saa 12 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo nanga halisi ilikuwa utii wa mtoto. Mliolea watoto mnajua ilivyokuwa.

Wengine walitafuta nanga katika mfupa wenyewe. Mwaka 1945 Gainsforth na Higley walijaribu parafujo za aloi ya vitaliamu kwenye taya za mbwa. Zote zikalegea ndani ya mwezi mmoja hivi. Mwaka 1983, huko Marekani, Creekmore na Eklund walitia moja chini ya pua ya mgonjwa na kuyapandisha meno yake ya juu ya mbele kwa takriban milimita 6. Kisha mwaka 1997 Kanomi wa Japani akaeleza parafujo ndogo ya kipenyo cha milimita 1.2 na urefu wa milimita 6, inayoingia hata baina ya mizizi ya meno.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kipandikizi cha jino bandia, kile tulichofundishwa na Brånemark wa Uswidi, hufunga ndoa na mfupa. Parafujo yetu ni mpangaji. Hushikwa na hesi zake katika gamba gumu la mfupa, ndiyo maana twaweza kuifungia chemchemi ya kuvuta meno siku ile ile, na ndiyo maana hutoka bila vita.

Mpangaji naye hufukuzwa. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba takriban parafujo 13 katika kila 100 hulegea kabla ya kazi kwisha. La kushangaza, taya la chini, lenye mfupa mgumu zaidi, ndilo linalopoteza nyingi. Nadhani tunausumbua mfupa huo: keekee huuchoma kwa joto, au tunakaza kupita kiasi. Ufizi uliovimba kwa kukosa mswaki huongeza hasara, na parafujo inayogusa mzizi hulegea kwa urahisi zaidi.

Hata ile isiyolegea huburura kidogo, kama nanga kwenye mchanga. Mwaka 2004 Liou na wenzake walionyesha kwamba parafujo huweza kuinama chini ya mvuto wa miezi, wakashauri iachwe nafasi ya milimita 2 kati yake na mzizi. Baina ya mizizi mingi nafasi hiyo haipo. Ndiyo sababu mimi hupenda kaakaa, kando ya mstari wa katikati, ambako hakuna mzizi wa kuuogopa.

Wagonjwa huniuliza, “Daktari, huo si msumari?” Ni kama msumari, ndiyo. Huingia kwa ganzi kidogo ya ufizi, na siku ya kutoka mara nyingi hata ganzi haihitajiki: nazungusha bisibisi kinyume, natoa, na baada ya siku chache ufizi umeshajifunga.