Kuyapitia Maandishi ya Waliotutangulia

Hotuba iliyosomwa Bwera mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi



Niliombwa niseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona kuwa ni la watu wa vyuoni peke yao, nalo ni namna ya kuandika ile sura ya tasnifu ambamo mwanafunzi huyapitia maandishi ya watu waliotangulia kusema juu ya jambo lake. Nimekubali kwa sababu mbili. Vijana wetu wa Kasese na Bwera wanaosoma Mbale, Makerere na Fort Portal hurudi likizo wakilalamika kwamba tasnifu zao zimerudishwa, na aghalabu sura iliyorudishwa ni hiyo. Tena, chama chetu kimeazimia kuandika habari za Uislamu katika nchi hii ya mlimani na mpakani, na kazi hiyo wamekabidhiwa vijana hao hao. Wakikosea, kosa lao litapigwa chapa, na wajukuu wetu watalisoma kuwa ndiyo kweli.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kurasa nyingi za sura hiyo, na kila aya ilianza kwa jina la mtu: fulani asema hivi, fulani asema vile, na fulani naye aongeza hili. Nilidhani wingi wa majina ndio elimu. Siku ya kutahiniwa, mtahini, mzee mpole sana, aliweka kidole juu ya jina moja akaniuliza, "Kitabu hiki jalada lake lina rangi gani?" Sikuwa na jibu, kwa maana sikupata kukiona. Jina lake na hesabu ya ukurasa nilivinakili kutoka katika kitabu cha mtu mwingine. Mzee yule hakunikaripia. Aliuliza tu, "Katika madrasa zenu, mtu anayepokea habari kwa mtu wa kati, kisha akamficha yule wa kati na kujionyesha kana kwamba ameisikia kwa wa kwanza, mnamwitaje?" Jasho lilinitoka. Sisi humwita mudallis. Tasnifu ilirudishwa, nikapoteza mwaka mzima pamoja na karo ambayo baba yangu aliipata kwa kuuza kahawa yake.

Tangu siku ile nimeona kwamba kazi hii tunayoiogopa vyuoni si ngeni kwetu. Wanazuoni wa hadithi waliifanya kabla ya vyuo vikuu vya Ulaya kuzaliwa. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, yaani 870 Miladia, hakutosheka kuuliza ni nini kilichosemwa. Aliuliza nani kakisema, kakipokea kwa nani, na je, watu hao wawili walikutana? Baadaye zikaandikwa juzuu nyingi juu ya hali za wapokezi, kama vile kazi ya Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria. Na katika Sura ya al-Hujurat sote twajua tulivyoamriwa tuichunguze habari tuletewayo na mtu fasiki kabla ya kuitumia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Sasa nitatoa mfano wa hapa kwetu Uganda. Katika vitabu vingi mtasoma kwamba Mwarabu wa kwanza kufika kwa Kabaka Suna ni Ahmed bin Ibrahim, na kwamba alifika mwaka 1844. Mwanafunzi akiukuta mwaka huo katika vitabu vitano hudhani ana mashahidi watano. Lakini na afuate nyayo nyuma. Aghalabu ataona kwamba vitabu hivyo vyategemea makala ya Sir John Gray iliyotoka katika Uganda Journal mwaka 1947, na kwamba Gray naye ategemea maneno aliyoyaandika Emin Pasha katika miaka ya 1870, aliyoyapata kwa Ahmed mwenyewe. Ahmed alikuwa akikumbuka safari zake za miaka thelathini nyuma. Basi mashahidi watano wamekuwa mmoja. Sisemi kwamba habari hiyo ni ya uongo. Mimi binafsi naielekea kuikubali. Nasema tu kwamba ni khabar ahad, habari ya njia moja, na mwandishi mwaminifu sharti amwambie msomaji wake hivyo. Kijana atakayeandika sentensi hiyo moja katika tasnifu yake amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyeorodhesha vitabu arobaini.

Hilo ni la sanadi. Liko na la hitilafu, nalo ndilo linalowashinda wengi. Mwanafunzi huona kwamba waandishi wawili hawapatani, akaandika kwamba fulani na fulani wametofautiana, kisha akapita. Hapo ameiacha kazi mlangoni. Mtazameni Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198. Katika kitabu chake Bidayat al-Mujtahid hutaja waliyoafikiana mafakihi, hutaja waliyohitilafiana, kisha huuliza sababu ya hitilafu. Chukueni mas'ala ya udhu. Sisi tunaofuata Imamu Shafii twasema mwanamume akigusana ngozi na mwanamke ajinabi udhu umetenguka. Abu Hanifa asema haukutenguka. Malik aangalia kama palikuwa na ladha. Ibn Rushd hatuachi tukidhani kwamba kila imamu alisema alivyopenda. Atuonyesha kwamba shina la jambo ni neno moja la Kiarabu, kugusa, ambalo Waarabu hulitumia kwa mkono na hulitumia pia kwa kinaya cha kuingiliana. Ukiisha kulijua hilo, hitilafu yote imekaa wazi mbele yako, na waweza kusema mwenyewe uegemee wapi na kwa nini.

Fanyeni vivyo hivyo kwa vitabu vya nchi yetu. Juu ya Rwenzururu, kwa mfano, kuna kitabu cha Tom Stacey cha mwaka 1965, na kuna makala ya Martin Doornbos ya mwaka 1970. Stacey alikuwa Mwingereza mwandishi wa magazeti. Alitembea milimani pamoja na Isaya Mukirane katika mwaka 1954, na mwaka 1963 alirudi kujaribu kusuluhisha. Doornbos ni mtaalamu wa mambo ya siasa, naye aliiweka Rwenzururu kando ya chama cha Kumanyana cha Ankole ili kuuliza kwa nini watu waliodharauliwa katika falme mbili walishika njia mbili mbalimbali. Mmoja aandika kama rafiki aliyelala katika nyumba za watu, mwingine kama mpimaji. Ukiwauliza swali moja watakupa majibu mawili, na kabla ya kuamua nani kakosea yakupasa useme kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Hapa Bwera wako watu ambao wazee wao walikuwamo katika mambo hayo, kwa hiyo nami napita kwa adabu.

Nirudi kwenye kazi yetu wenyewe. Swali tulilowapa vijana ni hili: Uislamu ulifikaje Busongora na Bukonzo, na ulishika mizizi kwa njia gani? Nawaomba sana walishike swali hilo kabla ya kufungua kitabu chochote. Asiye na swali atakusanya kila kitu, na maktaba itammeza.

Akiisha kuwa na swali, ataanza na vitabu vikubwa. Kipo cha Arye Oded cha mwaka 1974, na kipo cha Profesa A. B. K. Kasozi juu ya kuenea kwa Uislamu Uganda, cha mwaka 1986. Na hao wawili pamoja na Noel King walitoa kitabu kimoja mwaka 1973. Ni kazi za heshima. Lakini soma hata jina la kitabu cha Oded: asema waziwazi kwamba habari yake ni ya kusilimu kwa njia ya dola yenye makao makuu, yaani Buganda ya Kabaka. Je, maelezo ya kasri ya Mutesa yatafaa kueleza habari za watu wa miteremko ya mlima na wavuvi wa ziwa? Pengine yafaa kidogo, pengine hayafai. Hapo ndipo panapoitwa pengo. Na pengo si kusema kwamba hakuna mtu aliyepata kuandika juu ya Bwera. Kwa hesabu hiyo kila kijiji ni pengo. Pengo ni mahali ambapo maelezo yaliyopo yakiletwa kwetu hayakai sawa.

Kisha atafute katika vitabu visivyotaja Uislamu kwenye jalada. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome ya Fort George karibu na ziwa la chumvi la Katwe, akaendelea hadi Kavalli, upande wa pili wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, chini ya Selim Bey, akawatia katika ngome za Toro. Wengi wao walikuwa Waislamu. Habari hizo zimo katika kitabu alichokitoa mwaka 1893, ila yeye aliyatazama mambo kwa jicho la askari, na haja yake ilikuwa bunduki, vyakula na mipaka. Stanley naye alipita Katwe mwaka 1889. Na juu ya biashara ya chumvi aliandika E. R. Kamuhangire wa Makerere katika miaka ya 1970. Chumvi ilikwenda mbali, na iendapo bidhaa huenda watu, na watu huenda na dini zao. Hilo la mwisho ni dhana yangu, wala msilinakili kama ushahidi.

Yafaa pia mjue kutafuta kwa majina ya kale. Kijana mmoja aliniambia kwamba maktaba haina kitu juu ya Kasese kabla ya 1950. Kwa nini iwe nacho? Mji huu ulikua kwa reli iliyofika mwaka 1956 na kwa shaba ya Kilembe, na wilaya ilitengwa na Toro mwaka 1974. Mambo yetu ya zamani yamo chini ya jina la Toro na jina la Busongora. Nyaraka za wilaya ya Kabarole, zilizotunzwa Fort Portal kwa kazi njema ya Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, zatufaa sisi kuliko wengi wanavyodhani. Jina la kabila huandikwa Bakonjo na huandikwa Bakonzo. Mlima ni Ruwenzori na ni Rwenzori. Na msisimame kwenye daraja la Mpondwe. Ng'ambo ya pili ndugu zetu huitwa Wanande, na walioandika habari zao waliandika kwa Kifaransa. Mapitio yanayokoma mpakani yameacha nusu ya ukoo nje, na mtu asiyejua Kifaransa na atafute anayekijua.

Juu ya kuandika kwenyewe sina mengi. Kila kitabu kiwe na karatasi yake: nani, lini, alikuwa nani, alipata wapi habari, asema nini juu ya swali langu, nami nina shaka gani. Kisha zipangeni karatasi kwa hoja, si kwa majina ya waandishi, nanyi mtaona aya zinajijenga.

Siku hizi kuna mashine za kompyuta zinazojibu maswali kwa ufasaha wa ajabu. Sizikatazi. Lakini mjue kwamba mara nyingine hutaja vitabu na makala ambazo hakuna binadamu aliyepata kuziandika, zikiwa na mwaka na ukurasa. Kwa lugha yetu hiyo ni mawdhu'u, habari ya kubuniwa, na anayeipokea bila kuichunguza ashiriki dhambi yake. Kitabu ambacho hukukitia machoni usikitaje, au taja na yule aliyekuonyesha.

Mzee mmoja aliniuliza kabla ya kikao hiki kwa nini tunahangaika na vitabu vya Wazungu na hali wazee wapo. Ni swali la haki. Maneno ya wazee ndiyo mali tutakayoileta sisi, ambayo hao wote niliowataja hawakuipata. Lakini tukimwendea mzee bila kujua yaliyokwisha kuandikwa, tutamchosha kwa maswali yaliyojibiwa zamani, na lile moja ambalo yeye peke yake alijua hatutalifikia. Wazee wetu hawatungojei. Mwaka huu peke yake tumewazika wawili ambao nilikusudia kuwauliza habari za msikiti wa kwanza, nami nilikuwa bado nasoma.

Karatasi zangu nimezileta, zimo katika sanduku lile karibu na mimbari. Baada ya sala ya alasiri kila mwanafunzi na achukue tatu, azisome, na Jumapili ijayo anieleze ni ipi kati ya hizo niliyoinakili vibaya, kwa maana najua ipo.